Orodha ya wahakiki au alama za watazamaji: ipi ikuchagulie filamu?

Kuna orodha mbili ambazo hazikosi kutajwa watu wanapobishana kuhusu filamu bora za nyakati zote. Moja ni ya Sight and Sound, jarida la British Film Institute (BFI), taasisi ya filamu ya Uingereza, linalokusanya kura za wahakiki kila baada ya miaka kumi. Nyingine ni ile ya filamu 250 ya tovuti ya IMDb, inayotokana na alama za watazamaji kama mimi na wewe.

Kileleni mwa orodha ya wahakiki, tangu 2022, imekaa Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ni filamu ya 1975 ya Chantal Akerman, dakika 201 za mama mjane akipika, akiosha vyombo, akitandika kitanda. Kileleni mwa orodha ya watazamaji, kwa miaka mingi sasa, imekaa The Shawshank Redemption ya 1994, dakika 142 za mfungwa asiyekubali kukata tamaa. Sasa itafute Shawshank katika filamu mia moja bora za wahakiki. Haimo. Itafute Jeanne Dielman katika zile 250 za watazamaji. Nayo haimo.

Wengi wakifika hapo huchagua kambi. Mmoja atakwambia wahakiki ni watu wa kujikweza, wanapenda kinachowachosha wenzao. Mwingine atakwambia umma hauna macho. Mimi nimezitumia orodha zote mbili kwa miaka, pamoja na tuzo, asilimia na mengineyo, na ninachokiona ni kwamba kila moja inajibu swali lake vizuri tu. Sisi ndio tunaoiuliza swali la mwenzake, kisha tunakasirika na jibu.

Klasiki si zilipendwa

Kabla ya kulinganisha chochote, tuweke sawa neno lenyewe. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu kina neno zilipendwa, na neno hilo limekaa katika wakati uliopita. Zilikuwa na siku zake. Filamu nyingi tunazozipa heshima ya klasiki ni zilipendwa tu: tulizitazama tukiwa wadogo, tukiwa na watu tuliowapenda, na tukizirudia leo tunachokitazama ni ule utoto wetu. Hakuna ubaya wowote. Lakini mwite mtu asiye na kumbukumbu hizo akae karibu nawe. Baada ya dakika kumi atashika simu.

Klasiki humshika hata huyo mgeni. Katika Ladri di biciclette, filamu ya Vittorio De Sica ya 1948 kuhusu baba anayeibiwa baiskeli, kuna kipande kifupi mno mwanzoni. Mume amepata kazi ya kubandika mabango, lakini baiskeli yake iko rehani na bila baiskeli hakuna kazi. Mkewe anang'oa mashuka kitandani, wanayapeleka yawekwe rehani badala yake. Pesa zinahesabiwa. Kisha tunamwona mfanyakazi wa pale akilichukua furushi lao na kupanda nalo kwenye rafu. Anapanda, anazidi kupanda, na kamera inamfuata, na hapo ndipo unapoona kwamba rafu nzima, kutoka chini hadi juu kabisa, imejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, wala mtu anayetoa hotuba. Huhitaji kujua lolote kuhusu Italia baada ya vita ili uelewe kwamba mji mzima unalala bila mashuka.

Hiyo ni sifa moja. Sifa ya pili, ambayo mimi naipa uzito zaidi, ni kwamba klasiki huwa imeshapita katika mikono mibaya ikatoka hai. La Règle du jeu ya Jean Renoir ilizomewa ilipozinduliwa Paris mwaka 1939. Renoir akaikatakata ili kuinusuru, haikusaidia, na baada ya miezi michache ikapigwa marufuku. Nakala mama ikateketea kwa mabomu ya vita mwaka 1942. Ilikuwa imekwisha. Ni mwaka 1959 ndipo iliporudishwa karibu yote, kwa kuunganisha vipande vilivyokutwa kwenye makopo ya filamu, Renoir mwenyewe akiwa hai kuibariki. Filamu iliyouawa mara mbili namna hiyo ndiyo pekee iliyokuwemo kumi bora za wahakiki katika kila kura kuanzia 1952 hadi 2012.

Basi, kipimo gani kati ya vilivyopo kinaweza kukuonyesha filamu za aina hiyo?

Kura za wahakiki

Anza na hesabu, kwa sababu watu hawaiangalii. Kila mhakiki anayealikwa hutaja filamu kumi, na kila filamu hupata kura moja, iwe ameiandika ya kwanza au ya kumi. Kwa hiyo "namba moja" si lazima iwe filamu ambayo wahakiki wanaiona bora kuliko zote. Ni ile iliyojipenyeza kwenye kumi za watu wengi zaidi.

Mwaka 2002 walipiga kura wahakiki 145. Citizen Kane ya Orson Welles ilishinda kwa kura 46, Vertigo ya Alfred Hitchcock ikafuata kwa 41. Kura tano tu. Na ukigeuza hesabu, wahakiki 99 hawakuitaja Citizen Kane hata kwenye nafasi ya kumi. Mwaka 2012 wapiga kura wakawa 846, Vertigo ikapanda kileleni kwa kura 191, na magazeti duniani yakaandika kama vile mfalme amepinduliwa. Wahakiki 655 hawakuwa wameitaja. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama ninakubali kwamba filamu fulani ni "bora kuliko zote kwa mujibu wa wahakiki", humjibu kwamba wahakiki wenyewe hawakubali.

Kura ya kwanza, ya 1952, ilimpa ushindi De Sica na baiskeli yake. Filamu ilikuwa na miaka minne! Leo tungecheka kuona filamu ya miaka minne ikiitwa bora ya nyakati zote, lakini wakati ule ndiyo iliyokuwa ikiwachoma watu. Mwaka 1962 Citizen Kane ikachukua nafasi hiyo na kuishikilia katika kura tano mfululizo. De Sica akaanza kuteremka. Mwaka 2022 alikuwa nafasi ya 41. Filamu haikuharibika hata picha moja. Waliokuwa wakipiga kura ndio waliobadilika.

Na mwaka 2022 walibadilika kweli kweli. Idadi ya wapiga kura ilikaribia mara mbili, wakafika 1,639, na ghafla Jeanne Dielman, ambayo miaka kumi nyuma haikuwamo hata thelathini bora, ikaruka hadi kileleni, filamu ya kwanza ya mwanamke kufika pale. Paul Schrader, mwandishi wa Taxi Driver, alilalamika hadharani kwamba mruko wa namna hiyo unaiondolea kura heshima. Namwelewa kwa nusu. Ni kweli orodha yenye watu wapya itatoa majibu mapya, na anayetaka namba moja iwe kama mlima usiosogea atahisi ameibiwa. Lakini swali langu kwa Schrader ni hili: wale 63 waliojibu mwaka 1952, nani aliwachagua? Orodha haijawahi kuwa mlima. Ni picha ya chumba kimoja, na kila miaka kumi chumba kinapanuliwa.

Faida yake ni nini, basi? Ni kubwa, na wala haiko kwenye namba. Filamu ikitajwa inatafutwa. Ikitafutwa, mtu atatoa fedha nakala yake isafishwe na kuonyeshwa upya, na watazamaji wapya wataipata. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973 kutoka Senegal, na La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966, zote zimo ndani ya mia moja za 2022. Kwa kijana aliye mbali na kumbi za wajuzi, mia moja zile ndizo mlango wa kuzifikia. Alama za watazamaji zisingemfikisha huko kamwe, kwa sababu watu hawawezi kuipa alama filamu ambayo hawajawahi kuisikia.

Hasara nayo nimeionja. Miaka iliyopita niliamua kuimaliza orodha ya 2012 kuanzia juu kwenda chini, kwa mpangilio, kama mtu anayemeza dozi. Kumi za mwanzo zina filamu tatu zisizo na sauti. Nilifika ya tisa nikiwa nahesabu dakika zilizobaki. Tokyo Story ya Yasujirō Ozu ilikuwa ya tatu, nikaipitia kwa haraka na sikuona kitu: wazee wawili wanasafiri kwenda kuwatembelea watoto wao mjini, watoto hawana nafasi, wazee wanarudi. Basi. Miaka miwili baadaye niliitazama tena bila orodha yoyote mkononi, na ilipofika pale watoto wanapochangishana kuwapeleka wazazi kwenye hoteli ya bei nafuu ili wawaondoe nyumbani, nilisimamisha nikaenda kumpigia mama simu. Orodha ilikuwa sahihi kuhusu filamu ile. Ilinikosea kwa kunifanya niitazame kama kazi ya nyumbani.

Alama za watazamaji

Hapa mambo ni tofauti kabisa. Kwenye IMDb kila mtu anatoa alama kutoka 1 hadi 10, na tovuti haichukui wastani mkavu. Filamu lazima iwe na kura za kutosha, angalau 25,000, ndipo ifikiriwe kwa zile 250, na ile yenye kura chache alama yake huvutwa kuelekea wastani wa filamu zote. Ni kama kusema: tutakuamini kadiri mashahidi wako wanavyoongezeka. Mfumo wa akili, na unazuia filamu ya marafiki mia mbili isikae juu ya kazi za magwiji.

Hauzuii joto, hata hivyo. Mwaka 2008 The Dark Knight ilipotoka ilipanda hadi kileleni kwa muda, mashabiki wake wakaipa kumi huku wengine wakiikandamiza The Godfather kwa moja, na mashabiki wa The Godfather nao wakajibu. Vumbi lilipotulia, aliyekuwa amesimama pembeni, Shawshank, ndiye aliyejikuta juu. Napenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha aina ya filamu inayoshinda kwenye alama za watu wote: ile ambayo hakuna anayeichukia. Wahakiki wanataja kumi wanazozipenda. Hakuna anayewauliza wanachokichukia. Watazamaji wanapiga kura pande zote mbili. Jeanne Dielman ina wanaoiabudu na wanaoiona ni mateso, kwa hiyo wastani wake hauwezi kufika juu. Shawshank ina watu zaidi ya milioni mbili waliotoka wameridhika.

Na usiidharau. Filamu ile haikurudisha gharama zake kwenye kumbi za sinema ilipotoka. Ilitajwa kuwania tuzo saba za Oscar, ikaondoka mikono mitupu. Kilichoiokoa ni kanda za video na televisheni, iliyoirudia na kuirudia hadi watu wakaanza kuambiana. Hakuna jarida lililoisukuma. Ukiniuliza kama imepita kile kipimo changu cha kufa na kufufuka, imepita.

Sholay nayo. Ilipotoka India Agosti 1975 wahakiki hawakuipokea vizuri na siku za mwanzo kumbi zilikuwa baridi. Kisha maneno yakaanza kutoka mdomo kwenda mdomo, na ukumbi wa Minerva pale Mumbai ukaionyesha zaidi ya miaka mitano. Mwaka 2002 British Film Institute ilipokusanya kura za filamu bora za India, ikawa ya kwanza. Watazamaji walitangulia, wataalamu wakafuata nyuma wakihema.

Udhaifu wa alama za watazamaji ni kwamba zinapendelea kilicho karibu: kilichotoka juzi, kilichotafsiriwa, kilichotangazwa kwa fedha nyingi, kinachopatikana kwa kubonyeza mara moja. Filamu ya zamani isiyo na kura 25,000 haipo kabisa, hata ingekuwa dhahabu.

Asilimia

Hii nitaipita mbio. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki, haikwambii filamu ni nzuri kiasi gani. Inakwambia ni wahakiki wangapi kati ya mia waliosema ndiyo. Kila mmoja akisema "si mbaya, itapita", filamu inapata asilimia 100. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hujaribu kupima ukubwa wa sifa zenyewe na kuvipa vyombo vingine uzito zaidi, kwa hiyo kwa filamu mpya naiamini zaidi.

Kwa klasiki, zote mbili ni mchezo. Mwaka 2021 Rotten Tomatoes iliongeza tahakiki ya zamani ya Citizen Kane kutoka Chicago Tribune ya 1941, iliyokuwa haijaipenda, na filamu ikashuka kutoka asilimia 100 hadi 99. Siku hizo Paddington 2, filamu ya dubu mwenye kofia, ilikuwa bado na 100 yake, na kwa wiki nzima mitandao ikawa inatangaza kwamba dubu amempiga Orson Welles. Na mwandishi wa tahakiki ile alikuwa akijificha nyuma ya jina la utani, Mae Tinee, ambalo ukilitamka haraka kwa Kiingereza linasikika kama matinee, yaani onyesho la sinema la mchana.

Tuzo

Oscar ni rekodi ya jinsi mwaka fulani ulivyojiona kwenye kioo. Citizen Kane ilitajwa mara tisa ikapata moja, ya uandishi wa filamu. Vertigo ilitajwa mara mbili, katika vipengele vya kiufundi, ikakosa. 2001: A Space Odyssey haikutajwa hata kuwania filamu bora. Hitchcock hakuwahi kushinda tuzo ya mwongozaji bora. Si kwamba wapiga kura walikuwa wajinga. Walikuwa karibu mno. Isitoshe, tangu 2009 tuzo ya filamu bora huamuliwa kwa kura za kupanga, ambapo nafasi ya pili na ya tatu kwenye karatasi za watu inaweza kuamua mshindi. Mfumo huo, kama wa IMDb, unampendelea asiye na maadui.

Kura za waongozaji

Tangu 1992 Sight and Sound huwauliza pia waongozaji, kando na wahakiki, na hii ndiyo orodha ninayoifungua kwanza. Mwaka 2022 waongozaji 480 waliweka 2001: A Space Odyssey kileleni, Citizen Kane ya pili, The Godfather ya tatu. Jeanne Dielman nao waliipenda, ilifungana nafasi ya nne na Tokyo Story. Ukitazama kwa makini, orodha hii imekaa katikati ya hizo nyingine mbili: ina The Godfather ya watazamaji na ina Akerman wa wahakiki.

Sababu ni rahisi. Fundi akitazama kiti, anaangalia maungio. Katika Citizen Kane kuna kipande cha mume na mke mezani wakipata kifungua kinywa. Kinachukua dakika mbili na ushei, na ndani yake zinapita asubuhi za miaka mingi ya ndoa. Mwanzo wamekaa karibu, wanabembelezana. Picha inapepea, asubuhi nyingine, maneno yamepungua utamu. Inapepea tena, sasa wanajibizana. Mwisho wako kimya kila mmoja upande wake wa meza, naye mke anasoma gazeti la mpinzani wa mumewe, ilhali mumewe ana gazeti lake mwenyewe. Hakuna aliyesema ndoa imekufa. Mwongozaji akiona hivyo anajiuliza mara moja: mimi hadithi hiyo ningeimaliza kwa dakika ngapi? Ishirini? Welles alikuwa na miaka 25.

Orodha isiyo na namba

Maktaba ya bunge la Marekani ina sajili ya filamu inayoongezwa filamu 25 kila mwaka. Masharti ni machache: iwe filamu ya Marekani, iwe na umri wa angalau miaka kumi, na iwe na uzito wa kiutamaduni, kihistoria au kisanaa. Hakuna namba moja, hakuna ya mwisho. Citizen Kane na Vertigo ziliingia pamoja mwaka wa kwanza, 1989. Shawshank iliingia 2015. Humo ndani zote tatu zimekaa benchi moja, hazigombani, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kupendekeza. Nimeiiba sheria yao ya miaka kumi na ninaitumia kila siku.

Maana ndani ya miaka hiyo kuna mengi ya bahati. It's a Wonderful Life ya 1946 ilipata hasara. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vikaanza kuirusha bure kila Krismasi, na hivyo ndivyo ilivyoingia mioyoni mwa watu: kwa uzembe wa karatasi. Vertigo ilifuata njia ya kinyume. Tangu mapema miaka ya 1970 hadi 1983 ilikuwa haionyeshwi, haki zikiwa mikononi mwa Hitchcock na kisha familia yake, na ni katika miaka hiyo hiyo, 1982, ndipo ilipoingia kwa mara ya kwanza kumi bora za wahakiki. Moja ilikuzwa kwa kuonekana kupita kiasi, nyingine kwa kukosekana.

Uchague ipi, wewe?

Kama ni usiku mmoja, na sebuleni mko watu wanne wenye ladha nne, fuata alama za watazamaji. Chukua iliyovuka 8, halafu weka chujio: iwe imetoka zaidi ya miaka kumi iliyopita. Filamu iliyobaki na 8 baada ya joto la uzinduzi kupoa haitawaudhi wageni wako. Usiwaletee Ozu watu waliotoka kazini saa moja jioni bila kuwaonya; watakulaumu wewe, na jina la Ozu halitarudi tena nyumbani kwako.

Kama filamu ni mpya na unataka kujua kama tiketi inastahili, tazama Metacritic, soma tahakiki mbili, moja ya aliyeipenda na moja ya aliyeichukia. Anayeichukia mara nyingi ndiye anayeeleza vizuri filamu inahusu nini.

Kama unatengeneza filamu au unatamani kutengeneza, chukua orodha ya waongozaji na uzitazame kila moja mara mbili, ya pili ukiwa umezima sauti.

Na kama umejipa mwaka mzima wa kujifunza sinema, nenda kwa wahakiki, lakini usifanye kosa langu la kuanza juu kwenda chini. BFI huchapisha karatasi za wapiga kura mmoja mmoja. Tafuta mhakiki aliyetaja filamu mbili unazozipenda kweli, uone nyingine nane alizoziandika. Umepata rafiki mwenye ladha yako anayejua zaidi yako. Kumi za mtu mmoja zina harufu ya mtu. Zile za watu 1,639 zikijumlishwa hazina harufu ya yeyote.

Ukifika kwa Jeanne Dielman, itazame mchana, usingizi ukiwa mbali. Siku ya kwanza ya hadithi atapika viazi na utajiuliza kwa nini unaonyeshwa viazi. Siku ya pili vitaiva kupita kiasi. Mwanamke huyu ambaye hajawahi kukosea kitu chochote atashika sufuria mkononi na kuanza kuzunguka nayo, ataingia bafuni, atarudi jikoni, hajui pa kuimwaga. Kama hapo moyo haujaruka, zima, nenda zako. Hakuna mhakiki atakayekuja kukuuliza.